Mchawi wa hadithi na bibi wa jirani

Kiswahili kina maneno mengi ya mambo ya siri, na kila neno lina mipaka yake. Mchawi ni mwenye kudhuru watu kwa kificho, wala hana sifa njema hata moja. Mganga ni mwenye kutibu, awe wa kweli au wa kubabaisha. Mpiga ramli hutazama yajayo. Mtu wa mazingaombwe huwachezea watu macho sokoni, akatupiwa senti zake akaenda zake. Na sihiri, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni ile kazi ya kugeuza vitu kwa nguvu zisizo za kawaida, tuliyozoea kuisikia katika visa vya majini na wafalme. Kwa Mwingereza haya yote huweza kuingia katika neno moja. Kwa neno hilo humtaja mzee wa hadithini mwenye ndevu na fimbo, na kwa neno hilo hilo humtaja mchekeshaji anayetoa sungura ndani ya kofia kwenye sherehe ya watoto.

Nimeanza na maneno, ndugu msomaji, kwa sababu ugomvi ninaotaka kuueleza leo nauona nusu yake ni ugomvi wa maneno. Ni ugomvi wa baadhi ya ndugu zetu Wakristo na vitabu vya hadithi ambamo watu huruka angani, hugeuka wanyama, na huangusha adui kwa kutamka maneno. Je, ni halali mtoto wa Kikristo kuvisoma? Ama kumpa kitabu hicho ni sawa na kumpeleka kwa mchawi kwa mkono wako mwenyewe?

Moto wa ugomvi huu uliwashwa na mwandishi mmoja wa Uingereza, J.K. Rowling, ambaye mwaka 1997 alitoa kitabu chake cha kwanza cha kijana yatima aitwaye Harry Potter. Kijana huyo anapelekwa katika shule ya bweni wanakofundishwa sihiri. Vitabu vikafika 7, na kuanzia mwaka 2001 vikawa filamu. Watoto wa dunia nzima wakavipenda, na wazee wengi wa makanisa wakashtuka. Mwishoni mwa Desemba 2001, katika mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico, Marekani, mchungaji mmoja na washirika wake walivitia motoni hadharani. Mwaka 2003 Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto wa 16, alimwandikia barua mwandishi mmoja wa Ujerumani aliyevipinga, akamshukuru kwa kuwazindua watu juu ya vishawishi vinavyopenya polepole. Mwaka 2019 mapadre wa Gdańsk, Poland, walivichoma pamoja na vinyago na vitu vingine. Na mwaka huo huo shule moja ya Kikatoliki mjini Nashville, Marekani, iliviondoa katika maktaba yake, kwa kuwa padre wa hapo aliamini kwamba maneno ya kulogea yaliyomo ni maneno ya kweli, na anayeyasoma huweza kuita pepo.

Walakini Wakristo hawakuwa na kauli moja. Gazeti la Vatikani lenyewe, L'Osservatore Romano, mwaka 2009 liliisifu filamu mojawapo ya Harry Potter kwa kupambanua wema na uovu. Na aliyevumilia kusoma mpaka kitabu cha mwisho, cha mwaka 2007, ameona kwamba kijana yule anapofika makaburini, mawe ya makaburi yana aya mbili zilizotoka katika Agano Jipya, moja ya Mathayo na moja ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho.

Kabla ya huyo bibi kulikuwa na wanaume wawili wa Oxford, marafiki, wote Wakristo wa kushika dini. C.S. Lewis alitoa kuanzia mwaka 1950 hadithi 7 za nchi ya Narnia, ambamo mna mchawi wa kike aliyeifunga nchi katika baridi isiyokwisha, na simba anayekufa kwa ajili ya mkosaji kisha akafufuka. J.R.R. Tolkien, Mkatoliki, aliyetoa visa vyake vikubwa vya pete mwaka 1954 na 1955, alimwandikia padre rafiki yake kwamba kitabu hicho kwa asili yake ni kitabu cha dini. Makanisa yanayomkataza mtoto Harry Potter mara nyingi humpa Narnia bila ya wasiwasi. Basi mchawi peke yake siye aliyeleta tatizo. Yupo katika vyote.

MSINGI WA HOFU YAO

Nisieleweke kuwa nawacheka wenye hofu. Mimi ni mtu wa pwani, niliyekalia mkeka wa chuoni kabla ya kukalia dawati la shule, na sioni haki kumcheka mtu kwa kushika kitabu chake. Biblia haina masihara na jambo hili. Kutoka, sura ya 22, inamhukumu mchawi kifo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, inataja orodha ndefu ya makatazo, na waliotafsiri orodha hiyo kwa Kiswahili iliwabidi waokote maneno yetu ya pwani moja baada ya moja: kutazama bao, usihiri, kuloga kwa kupiga mafundo, kupandisha pepo. Na katika Matendo ya Mitume, sura ya 19, watu wa Efeso waliomwamini Yesu walileta vitabu vyao vya uganga wakavichoma mbele ya watu, na thamani yake ilipohesabiwa ikawa vipande 50,000 vya fedha. Anayewasha moto leo anajiona anafuata nyayo hizo.

Sisi Waislamu nasi hatuko mbali. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 102, mna habari za Haruti na Maruti wa Babeli na watu waliojifunza sihiri ya kutenga mtu na mkewe. Na Sura ya Al-Falaq, ambayo kila mtoto wa chuoni huihifadhi mapema, ni kinga dhidi ya shari ya wapulizao mafundoni. Mafundo ni yale yale. Dini zetu mbili zimekataza jambo moja.

Lakini hapa pana jambo la kutazamwa. Vile vitabu vya Efeso vilikuwa vya kazi: mtu alivinunua ili afanye. Hadithi haimfundishi mtu kufanya. Mwalimu wangu wa chuoni, ambaye angemfukuza mpiga ramli kwa bakora, ndiye aliyetusimulia habari za Nabii Suleimani na majini yaliyomjengea, nasi tukasikiliza vinywa wazi. Hakuna mtoto aliyetoka pale akaenda kutafuta jini.

ASKOFU NA PAA ASEMAYE

Tena tusidhani kwamba kanisa la Afrika Mashariki limekuwa adui wa hadithi za namna hii tangu mwanzo. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana, alifika Unguja mwaka 1864, na baadaye akawa askofu. Ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, na ndiye aliyeshughulika kuligeuza Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Basi huyu huyu, mwaka 1870, alichapisha mjini London hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Mna kisa cha Sultani Darai, ambamo paa asemaye kama mtu anamwua nyoka wa vichwa 7 na kumtajirisha maskini. Angeweza kusema haya ni mambo ya kipagani, akayatupa. Aliyaandika kama alivyoyasikia, kwa kuwa alijua kwamba asiyejua hadithi za watu hajui lugha yao.

Na baada yake? Shaaban Robert alitupa Adili na Nduguze mwaka 1952, kisa cha ndugu wawili wenye husuda waliogeuzwa manyani. Kitabu hicho kilisomwa shuleni kwa miaka mingi na watoto wa dini zote. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960 na Kisima cha Giningi mwaka 1968. Majina ya vitabu yanatisha, lakini ndani yake Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anatuonyesha kwamba nyuma ya yale yanayosingiziwa mizimu kuna mtu, mwenye tamaa ya mtu.

Sisi tuliolelewa na hadithi hizo tulikuwa na kinga ambayo hatukujua kuwa ni kinga. Bibi hakuanza kusimulia hivi hivi. Kwanza usiku uingie, kwani mchana tulikatazwa. Kisha aseme, "Paukwa!" nasi tuitikie, "Pakawa!" Maneno hayo mawili yalikuwa mlango. Ukishaitikia umeingia katika nchi ambamo paa husema na zimwi hula watu. Hadithi ikiisha, umetoka, mlango umefungwa, unakwenda kulala. Hapana mtoto aliyehitaji kuambiwa kwamba haya si ya kweli. Kule kuitikia kulikuwa kumekwisha kumwambia.

NILIYOYASIKIA ENTARARA

Maneno haya niliyatoa mbele ya watu huko Entarara, Kajiado, mwaliko ulionipitisha Kitengela. Mtokaji Mombasa hukata kusini akifika Athi River, na hapo Kitengela huanza, mji uliokua upesi katika nchi ya malisho ya Wamaasai, na ambao sasa una watu wa kila kabila la Kenya na makanisa yasiyohesabika. Mwalimu mmoja alikuwa amepata sanduku la vitabu vya hadithi kwa ajili ya watoto. Wazazi wakaona picha ya kijana amepanda ufagio, habari ikamfikia mchungaji, na sanduku likafungwa kwa kufuli. Niliitwa, kama mtu wa mashairi, niseme neno.

Nilisema niliyoyasema juu ya Paukwa na Pakawa. Bibi mmoja wa Kimaasai, ambaye wajukuu wake humwita koko, alitikisa kichwa kukubali. Akasema kwa Kiswahili cha huko, "Kwangu zimwi limekula watu kila usiku miaka yote, na asubuhi watoto wanachunga mbuzi."

Watu wakacheka. Mchungaji hakucheka. Alikuwa mtu mpole, mwenyeji wa Kisii aliyehamia huku kwa kazi. Alisimama akasema, "Ustadhi, nimekusikia, na sikukatalii. Lakini wewe unasema uchawi wa hadithi. Kwetu neno hilo limechoma watu. Mimi sitaki mtoto alizoee mdomoni."

Sikuwa na jibu la haraka, maana alisema kweli. Mwezi Mei 2008 watu 11 waliuawa kwa kuchomwa moto huko Kisii kwa kudaiwa kuwa ni wachawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee walipigwa na kuchomwa huko Marani, katika kaunti hiyo hiyo. Wala sisi wa pwani hatuna la kujivunia. Huko Kilifi wazee wameuawa kwa kisingizio cha uchawi, na ukichunguza mara nyingi unakuta shamba ndilo lililotakiwa. Kaya Godoma, upande wa Ganze, imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Mtu mwenye mvi na macho mekundu ya moshi wa jikoni hana raha.

Hata dola iliwahi kuingia katika mambo haya. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliteua tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti yake ikafika Bungeni mwaka 1999. Hofu ya makanisa yetu basi haikuagizwa yote kutoka Marekani pamoja na vitabu. Ina mizizi yake hapa hapa.

KIPIMO

Nimelifikiri neno la mchungaji yule tangu siku ile. Naona ana haki juu ya neno, na sikubaliani naye juu ya sanduku.

Ana haki juu ya neno, kwa kuwa mtafsiri au mwalimu anayewaambia watoto wetu kwamba yule kijana anasoma "shule ya uchawi" amemkosea mwandishi na amewakosea watoto pia. Katika masikio ya Kiswahili uchawi ni kuua watu. Nani atasomesha mwanawe kuua? Aseme sihiri, aseme mazingaombwe, aseme maajabu, na nusu ya mashaka ya wazazi itaondoka. Wamaasai nao wana neno lao, oloiboni, la mtu wa kubashiri na kuombea, wala si sahihi kumwita mchawi. Vilele vitatu vya Mlima Kenya, Batian, Nelion na Lenana, vilipewa majina ya watu wa ukoo huo wa maloiboni. Watoto wa makanisa yote huvitaja darasani, na imani yao haijapungua.

Na kuhusu huyo Lenana, wazee walisimulia kwamba baba yake Mbatian, alipokaribia kufa, alimwambia mwanawe mwingine, Sendeyo, aje asubuhi apokee urithi wa uloiboni. Lenana akasikia, akatangulia alfajiri, na mzee asiyeona vizuri akampa yeye. Kisa hicho kilichapwa na A.C. Hollis katika kitabu chake juu ya Wamaasai cha mwaka 1905. Mkristo akikisikia humkumbuka mara moja Isaka, Yakobo na Esau. Husikiliza kisa cha oloiboni, akatoka na fundisho la ndugu wawili na baraka iliyoibwa. Huko ndiko kusikiliza hadithi.

Sikubaliani naye juu ya sanduku, kwa sababu hadithi iliyo ndani ya mlango wake haimchomi mtu. Inayochoma ni ile iliyotoka nje ya mlango. Nitoe mfano. Mwaka 1999 huko Nigeria ilitolewa filamu iitwayo End of the Wicked, na aliyeitoa ni mhubiri, Helen Ukpabio, mwenye kanisa lake. Mlikuwa na watoto wanaoingizwa katika uchawi usiku, wakawaletea balaa wazazi wao. Haikutolewa kama Paukwa. Ilitolewa kama ushuhuda. Watetezi wa watoto waliilaumu kwamba ilichochea watu kuwaita watoto wachawi, kuwapiga na kuwafukuza majumbani, mwenyewe alikana. Lakini jimbo la Akwa Ibom, katika nchi hiyo hiyo, lililazimika mwaka 2008 kutunga sheria inayokataza mtu kumpa mtoto jina la mchawi.

Pima mwenyewe, msomaji. Hapa pana kitabu ambacho wachungaji walikichoma kwa kuwa kina mchawi, na aliyekisoma hakumnyoshea kidole jirani yake. Pale pana filamu iliyotoka kanisani ili kumpiga vita mchawi, na wapo walioitazama wakaenda kumtafuta katika kitanda cha mtoto wao. Ni ipi ya kufungiwa kufuli?

Kipimo changu basi ni hiki: hadithi ikiisha, je, mtoto anamwogopa bibi wa jirani kuliko alivyomwogopa jana? Kama ndiyo, hadithi hiyo ni mbaya, hata ingetolewa na shekhe au askofu. Kama sivyo, mwacheni mtoto aruke na ufagio wake mpaka atue. Sheria yetu ya Kenya juu ya Uchawi, ya tangu mwaka 1925, inatambua jambo hili kwa namna yake. Inamwadhibu anayejidai mchawi, na pia inamwadhibu anayemtuhumu mwenziwe kwa uchawi nje ya kumpelekea habari hizo afisa wa serikali. Wahenga wetu walikwenda mbali zaidi waliposema: mchawi mpe mwana akulelee. Unayemshuku, mkabidhi kilicho azizi, naye atakitunza.

Huko Entarara kikao kilikubaliana kwamba sanduku lifunguliwe, lakini asipewe mtoto mdogo kitabu akasome peke yake pembeni. Mwalimu asome kwa sauti, na mzazi anayetaka akae asikilize. Mchungaji alisema atakuja, aone kwa macho yake. Koko aliuliza kama naye atapewa zamu ya kusimulia, akaambiwa atapewa.

Nauona uamuzi huo mwema kuliko wa Alamogordo. Vitabu hivi vya kigeni vimekuja kwetu bila mlango. Vinachapwa, vinauzwa, vinafunguliwa mchana kweupe, na mtoto huingia peke yake bila mtu wa kumwitikia. Mlango huo ni kazi yetu sisi wazazi, walimu, mashekhe na wachungaji. Tukae na mtoto, tumwambie Paukwa, atuitikie Pakawa. Na hadithi ikiisha, kama kuna bibi mzee anayekaa peke yake mtaani, tumtume mtoto ampelekee chai.